Aliyeuona mwezi aupeleke wapi?

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme juu ya jambo linalotufika kila mwaka jioni ya tarehe 29 Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, na likarudi tena jioni ya 29 Ramadhani. Simu hazitulii. Huyu anasema mwezi umeandama, yule anasema haujaonekana, na kukicha baba amefunga ilhali mwanawe ametoka kuswali Idi.

Lawama za siku hizo nazijua, na nyingi zinaanza pasipo pake. Wanaofuata mwezi wa popote duniani huwaambia wenzao kwamba wanaabudu mipaka iliyochorwa na wakoloni. Wanaosubiri mwandamo wa kwao nao huwaona hao kuwa wafuasi wa nchi fulani. Hitilafu hii ni kongwe kuliko mipaka yote hiyo. Imo katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi, habari ya Kurayb, aliyetumwa Sham (eneo la Syria) na Ummul-Fadhl, mama yake Ibn Abbas. Huko mwezi wa Ramadhani ulionekana usiku wa kuamkia Ijumaa, Muawiya, mtawala wa huko, akafunga na watu wakafunga. Aliporejea Madina mwishoni mwa mwezi, Kurayb alimkuta Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, anahesabu tangu usiku wa kuamkia Jumamosi. Akamuuliza kama haitoshi kuona kwa Muawiya na kufunga kwake. Ibn Abbas akajibu: hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume (s.a.w.).

Jibu hilo ndilo lililowagawa wanazuoni. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii, moja ya madhehebu manne ya Kisunni, ni kwamba kila eneo lina matlai yake, yaani upeo wake wa kuandama mwezi, hivyo mwandamo wa mbali hauwalazimu watu wa huku. Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali walio wengi, wa madhehebu matatu mengine, wakasema amri ya Mtume ya "fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona" wameambiwa Waislamu wote, kwa hiyo ukithibiti mahali pamoja umethibiti kwa wote, na maneno ya Ibn Abbas ni ijtihadi yake, yaani rai aliyoifikia mwenyewe. Mwaka 1986, katika kikao cha Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi (elimu ya sheria) ya Kiislamu lenye makao Jeddah liliishika rai hii ya pili, na hata hivyo ile ya kwanza haikufa. Anayedai upande mmoja hauna dalili kabisa, basi hajafungua vitabu, au amefungua ukurasa mmoja tu.

Lakini rai zote mbili zinazungumzia mwezi upi unahesabika. Hakuna hata moja iliyosema kila msikiti, kila kikundi na kila mwenye simu atangaze Idi yake.

Ibn Umar, sahaba mwingine, alipouona mwezi wakati watu wanautafuta, aliupeleka wapi? Anasema mwenyewe, katika riwaya ya Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, kwamba alimpa habari Mtume, naye akafunga na akawaamuru watu wafunge. Wale wapanda ngamia waliofika wakashuhudia kwamba waliuona jana yake nao walifika kwa Mtume, akawaamuru watu wafungue na asubuhi waende kuswali Idi. Shahidi alipeleka alichokiona kwa mwenye mamlaka, hukumu ikatoka, watu wakaifuata.

Fiqhi ikaenda mbali zaidi. Mtu akiuona mwezi wa Shawwal, yaani wa Idi, peke yake na ushahidi wake usipokubaliwa, Imamu Shafi anasema afungue, lakini kwa siri. Maimamu Malik na Ahmad (wa Mamaliki na Mahanbali) wanasema asifungue mpaka watu wafungue. Na huyo si mtu wa kusikia, ameuona kwa macho yake mawili! Sisi ambao hatujauona hata kwa picha tunapiga takbira kwa vipaza sauti ili jirani aliyefunga asikie vizuri.

Tirmidhi, mkusanyaji mwingine wa hadithi, amepokea hadithi isemayo saumu ni siku mnayofunga, Fitri ni siku mnayofungua, na Adh-ha ni siku mnayochinja, kisha akataja kuwa baadhi ya wanazuoni wameifasiri kuwa kufunga na kufungua ni pamoja na jamaa na umati wa watu. Kwa hiyo simwelewi anayesema anaungana na umma wa dunia nzima huku anaigawa nyumba yake. Wala simwelewi yule anayesubiri mwezi wa kwao kwa Ramadhani, ikifika Dhulhijja akafunga Arafa kwa mwezi wa Makka, halafu akachinja kwa mwezi wa kwao tena. Mwezi wake unabadilika kila akipenda.

Tunao ufa mwingine: ushahidi wa mwezi usioweza kuonekana. Mwandamo mmoja hadi mwingine huchukua wastani wa siku 29.53, na wakati wa jua na mwezi kukutana hujulikana mapema hadi dakika yake. Jioni ambayo mwezi umetangulia kutua kabla ya jua, anayesema ameuona baada ya magharibi ameona kitu kingine, awe mwadilifu kiasi gani. Taqiyyuddin Subki, Mshafii wa karne ya 14 Miladia, alishasema ushahidi unaopingana na hesabu ya yakini hukataliwa. Siombi hesabu zianzishe mwezi. Hilo lina mjadala wake. Naomba tu kadhi au mufti anapowasikiliza mashahidi, akae na mjuzi wa falaki, elimu ya nyota na mwendo wa mwezi, pembeni.

Na tangazo lisiishie kwenye "umeonekana" au "haukuonekana". Tuambiwe umeonekana eneo gani, saa ngapi, na mashahidi wangapi, na kama kuna ushahidi uliokataliwa, umekataliwa kwa sababu gani. Watu wengi wanaokimbilia mwezi wa mbali hawakusoma fiqhi yoyote. Walikaa hadi usiku wa manane wakingoja habari, wakapewa sentensi moja.

Wabillahi tawfiq.

Msomaji wako