Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Wilaya: Turudishieni Bendera Zetu 24

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote. Barua mbili za kwanza nilikuandikia kwa Kiingereza, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, basi. Hii ya tatu naiandika kwa Kiswahili. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kiwe lugha rasmi, na huenda ofisini kwako ndicho kinachosomwa.

Bendera ninazozidai ni zile zilizokusanywa Oktoba 9, siku ya Uhuru, mbele ya jukwaa ulilokaa. Watoto 12 wa kikosi changu cha skauti walikuwa wamejipanga, kila mmoja na bendera mbili, wakuandikie KARIBU kwa semafora, yaani herufi zinazosomwa kwa jinsi mikono yenye bendera ilivyonyooshwa, wewe na wageni wako. Wakapiga K. Wakapiga A. Walipofika R, ambayo ni mikono yote miwili kunyooshwa kando sawa na mabega, askari akapuliza filimbi. Skauti akisikia filimbi husimama alivyo. Basi wakabaki vile vile, mikono imetanda kama watu wanaopekuliwa, na kweli wakapekuliwa. Bendera zikatiwa kwenye gunia la mkaa, gunia likatupwa nyuma ya pikapu. Nilipouliza kosa nikajibiwa neno moja: siasa.

Siasa! Njano ya chama tawala na nyekundu ya wapinzani, zimeshonwa pamoja kwenye kitambaa kimoja. Mheshimiwa, kama unakijua chama cha namna hiyo katika Uganda hii, niambie nikachukue kadi. Bendera ya semafora ya majini hugawanywa mshazari, kona kwa kona, nyekundu na njano; ya nchi kavu ni nyeupe na buluu. Sisi tuko mwaloni, ufukweni ambako mitumbwi ya wavuvi hutia nanga, tukachagua ya majini. Hata tungeshona ya buluu, buluu nayo ina chama chake. Na bendera ya taifa iliyokuwa ikipepea juu ya kichwa cha huyo askari ina nyeusi, njano na nyekundu. Sikuona ikishushwa.

Nasikia kuna aliyekunong'oneza kwamba watoto wale wanapeana ishara. Ni kweli, mheshimiwa. Walikuwa wanapeana ishara. Ndiyo kazi yake.

Naomba pia nikukumbushe Februari 22, siku ya kuzaliwa kwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Ulikuja kwetu, tukakuvisha skafu, ukasema utatuletea mita 20 za kitambaa "kabla ya mwezi kuisha". Hukutaja mwezi gani, kosa ni letu. Picha ulipigwa nyingi. Tulipochoka kungoja, kila mtoto akaleta shilingi 2,000, wengine kwa mafungu ya mia tano tano za kuuza mukene, yaani dagaa, na pengo nikaliziba mimi kwa pesa ya karo ya binti yangu. Fundi bado ananidai. Mke wangu ameacha kuuliza kama bendera zinaliwa; siku hizi ananitazama tu.

Huenda unajiuliza mtu mzima anahangaikia nini. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 11 kule Jinja, mtoto wa mfanyakazi wa reli wa mtaa wa Walukuba. Tulianza na duara la kwanza, A hadi G, kwa bendera moja: A chini upande wa kulia, B sawa na bega, C juu mshazari, D wima, kisha unateremka upande wa kushoto. Ukilegeza kiwiko, mwalimu anakugonga kwa kijiti, maana B iliyolegea husomeka A. Neno la kwanza nililotaka kuandika ni jina la mji wetu, na hapo nikakwama. Katika semafora J haifuati I. Imerukwa, ikawekwa huko mbele peke yake, mkono mmoja wima na mwingine kando. Na Jinja ina J mbili! Nililia. Wiki chache baadaye, katika kambi ya skauti ya Kaazi, nilisimama ufukweni, rafiki yangu akiwa mtumbwini, mbali kiasi kwamba ukiita sauti inaliwa na upepo. Nikapiga herufi tano. Akanirudishia zote tano. Sijawahi kupokea simu ikanifurahisha hivyo.

Watoto wa hapa baba zao wako ziwani kila usiku. Mtandao huja na kuondoka, simu hulowa maji. Bendera haitaki chaji, wala haikutozwa ile shilingi 200 kwa siku tuliyolipishwa mwaka 2018 ili tuingie WhatsApp.

Nilikuwa nimepanga kudai mambo mengi: uwanja wetu uliogeuzwa maegesho ya malori, kile kitambaa, watoto kuombwa radhi. Yote nayaacha. Kitambaa kaa nacho. Nataka bendera tu, 24, nimezihesabu mwenyewe zikiingia guniani.

Jumamosi iliyopita niliwakuta watoto uwanjani, katikati ya malori, wameshika kandambili mikononi wanapiga KARIBU tangu mwanzo. Safari hii walifika U. Mdogo kuliko wote aliniuliza kama kandambili nazo ni siasa, maana zake ni nyekundu.

Zirudishwe, mheshimiwa, hata bila vijiti. Vijiti tutakata wenyewe.

Ni mimi, ninayesubiri tangu Februari,
Mlezi wa kikosi cha skauti cha mwaloni