Mama Swaumu, kuhusu yule meneja wa Mwanza

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Swaumu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wazima, shangazi yao goti bado linamsumbua ila anatembea. Nimefurahi mno kusikia Swaumu amefaulu. Mpe hongera zangu, zawadi yake inakuja.

Ujumbe wako niliusikiliza mara mbili. Unasema viungo vyako vya kupikia vimeshika soko, oda zinatoka mpaka Songea na Bukoba, na usingizi umekukimbia. Halafu ukaniuliza: hivi kweli unamkabidhi biashara meneja aliye Mwanza, anayejibu wateja kwa simu na laptopu, usiyekaa naye, usiyejua hata kwao kukoje? Nimeona nikuandikie, maana jambo hili nina mengi ya kukwambia na nataka uyarudie ukiwa umetulia.

Nianze na siku moja ya mwezi wa nne mwaka jana. Nimezamisha mikono kwenye pipa la nili, ile rangi ya bluu ya batiki zangu, glavu mpaka kwenye viwiko, simu inaita juu ya tofali. Rangi ile ikishatiwa dawa zake, kostiki na haidro, haingoji mtu, ukikiacha kitambaa kijikunje kinatoka na mabaka. Simu ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Nilipoishika ilikuwa saa kumi jioni. Mteja wa Dodoma aliyeagiza pisi 12 za sare ya harusi ya mdogo wake alikuwa ameniandikia mara saba: familia imebadili mawazo, wanataka kijani, si bluu. Na pisi alizokuwa anazizungumzia ndizo zilizokuwa zinaning'inia kwenye kamba mbele yangu, zinachuruzika bluu. Pesa yake nilimrudishia yote. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba ujumbe wake wa kwanza ulifika saa nne asubuhi, kabla sijachanganya rangi.

Wiki iliyofuata nilitembea na daftari, nikaandika kila kitu kilichonitoa kwenye pipa. Bei gani? Mko wapi? Mzigo wangu umefika wapi? Nimelipa, umeona? Jumamosi nikahesabu: mambo 163. Yaliyonihitaji mimi mwenyewe, yaani rangi, nta ya kuchorea na ubora wa kitambaa, yalikuwa 19 tu. Fanya hivyo na wewe, Mama Swaumu, kabla hujatafuta mtu. Daftari lile ndilo lililonionyesha ni kazi gani hasa ninayoitoa.

Mtu wa kwanza nilimkosea, na nakwambia ili usipite njia hiyo. Nilimchukua kijana kwa sababu alikuwa wa bei nafuu, nikampa nywila ya Instagram na ya barua pepe kwa pamoja, siku ileile. Baada ya wiki tatu simu hapokei na ukurasa umebadilishwa jina. Picha za miaka minne zikaenda. Nililia, sikufichi.

Mara ya pili nilikwenda taratibu. Niliwapata watu watatu kupitia wafanyabiashara wenzangu, wote ni watu wanaojitegemea, wanafanya kazi nyumbani kwao kwa laptopu na wana wateja wengine. Kila mmoja nilimpa jaribio moja la kweli na nikamlipa kwa jaribio hilo: nilipiga picha kurasa nne za daftari langu la oda, zile zilizomwagikiwa rangi, nikawaambia wazipange kwenye jedwali, halafu wamjibu mteja aliyekasirika kwa sababu mzigo umechelewa. Wawili walinirudishia jedwali zuri. Huyu dada wa Mwanza alirudisha jedwali pamoja na maswali matano. Moja lilikuwa: "Dada, huyu wa Mbeya amelipia pisi tatu, nauli ya mzigo nani ameilipa?"

Nilikuwa nailipa mimi. Miaka yote hiyo, mizigo ya mikoani inayopanda basi pale Stendi ya Magufuli, nauli ilikuwa inatoka mfukoni mwangu na sikuwahi kuiweka kwenye bei. Hapo nikajua nimepata meneja.

Tulikubaliana saa nne kwa siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, siku sita kwa wiki, mwezi mmoja wa majaribio. Mkataba ni ukurasa mmoja: saa za kazi, malipo, notisi ya wiki mbili kwa kila upande, na kwamba picha pamoja na orodha ya wateja ni mali ya biashara. Hilo la wateja usilipuuze. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na namba za simu za watu si kitu cha kuachia mtu ajiondokee nazo. Mambo ya kodi ya zuio, ile unayoikata kwenye malipo ya mtu na kuipeleka TRA, muulize mhasibu wako, mimi wangu alinielekeza.

Upande wa simu, laini ya biashara na simu yenyewe viko kwangu. Yeye yumo kwenye WhatsApp Business kama kifaa kilichounganishwa. Inaruhusu hadi vifaa vinne, na mwenye simu anaweza kumtoa yeyote wakati wowote. Ameweka lebo kwa kila mteja: hajalipa, amelipa, mzigo umetoka, umepokelewa. Pesa haishiki kabisa. Mwanzoni hilo lilitukwamisha, kwa sababu meseji za muamala zinaingia kwangu, na unajua zilivyo nyingi meseji za uongo ambazo mtu anakutumia akidai amelipa. Kila mteja akawa ananingoja nitoke kwenye pipa. Sasa nina nyakati tatu kwa siku: saa nne, saa saba na saa kumi jioni. Nanawa mikono, namtumia miamala yote iliyoingia. Akiwa ameshafunga kazi, ile ya mchana na ya jioni anaikuta asubuhi. Mteja anaambiwa mapema kwamba malipo yanahakikiwa saa hizo, na hakuna aliyegomba.

Lakini wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, na kosa lilikuwa langu. Aliniuliza kila kitu. Nimpunguzie huyu elfu mbili? Huyu anataka kubadilisha, nimkubalie? Siku moja nikamjibu kwa ukali. Usiku nikakaa nikifikiri, nikaona nimemwita meneja halafu sijampa uamuzi hata mmoja. Asubuhi nikampigia nikamwomba radhi, nikamwambia: jambo lolote lisilozidi shilingi 20,000, liwe punguzo au fidia, amua mwenyewe, utaniambia Jumatatu. Simu yangu ikatulia siku hiyohiyo. Katika mwezi mzima alitumia 46,000. Mimi nilipokuwa naamua mwenyewe kwa haraka, huku rangi inaningoja, nilikuwa napoteza zaidi ya hapo.

Waliompinga ni kina mama wa hapa kiwandani, hasa bibi yetu wa nta, ambaye nimekuwa naye tangu mwanzo. "Mtu sijapata kumwona uso ananiuliza kwenye simu nimechora pisi ngapi!" Alikuwa na haki. Basi Ijumaa moja nikapiga simu ya video, nikampa bibi simu aishike yeye mwenyewe, nikatoa kitambaa kwenye nili. Unajua kinavyotoka, kijani kama jani la mpapai, halafu hewa inakipiga na bluu inaanza kuingia kwenye pindo, inapanda, mpaka kitambaa chote kimegeuka. Yule dada alinyamaza kabisa. Kisha bibi akaanza kumweleza bila kuulizwa: hapa kinaanikwa, hapa nta inatolewa kwa maji yanayochemka, kinaanikwa tena, jua likiwepo siku tatu, masika hata sita. Waliongea dakika arobaini, nikawaacha.

Tangu siku hiyo hajamwambia mteja "kesho" tena. Mvua ikinyesha huku, yeye kule Mwanza anauliza kamba zimekauka kiasi gani kabla hajataja tarehe. Kwako, Mama Swaumu, mwonyeshe mdalasini unavyoanikwa na mashine ya kusaga inavyopata moto ikizidiwa. Ukimpa orodha ya bei peke yake, atawaahidi watu vitu ambavyo mikono yako haiwezi kutoa.

Gharama ni mshahara wake 350,000 kwa mwezi, na bando namwekea mimi. Umeme wa kwake ukikatika ananiarifu, tunafidia saa jioni. Miezi mitatu ya kwanza faida yangu ilishuka kidogo, usishtuke ikikutokea. Ulipofika mwezi wa nne wa kazi yake, nauli za mizigo zilipokaa kwenye bei, zenyewe zilimlipa mshahara karibu wote.

Nimemuuliza kuhusu wewe. Ana nafasi kuanzia saa nane mchana, na yuko tayari mzungumze Alhamisi. Kabla ya hapo andika lile daftari la wiki nzima, hata kama limejaa manjano na pilipili, hivyo hivyo lilivyo.

Mzigo wa Swaumu unapanda basi la Morogoro Jumatano asubuhi, pisi mbili za nili. Mwambie mara ya kwanza azifue zenyewe tu, asizichanganye na nguo nyingine.

Wako akupendaye,
Mama Idi