Kuwa na Picha Kwenye Simu Si Sawa na Kuisambaza

Mhariri,

Mswada wa kurekebisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao hapa Kenya, uliowasilishwa mwaka 2021 na Mheshimiwa Aden Duale, wakati huo Mbunge wa Garissa Mjini, umenadiwa kuwa vita dhidi ya ponografia, na kwa sababu hiyo wengi wetu tumeogopa kuugusa, maana anayeukosoa hugeuzwa mtetezi wa uchafu. Mimi si mtetezi wa uchafu. Nina saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, ya mashine nane mtaani Umoja, na ilani niliyobandika ukutani inasema wazi kwamba atakayefungua tovuti za ngono atatolewa nje na pesa zake hatarudishiwa. Ninachopinga ni kipengele kimoja, kile kinachomfanya mhalifu mtu ambaye hakupiga picha, hakuiuza wala hakumtumia mwingine, ila tu imekutwa ndani ya kompyuta au simu yake.

Sheria hiyo inayorekebishwa, ya 2018, kifungu chake cha 24 kinahusu ponografia ya watoto, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 25, au vyote viwili. Hapo sina neno. Picha ya mtoto anayedhulumiwa ni dhuluma yenyewe, na anayeiweka anaiendeleza. Mswada huu unachukua adhabu hiyo hiyo na kuipeleka kwa picha za watu wazima, halafu unamweka mtengenezaji, muuzaji, msambazaji na mwenye kuwa nayo katika kapu moja. Nayo maana iliyopewa ponografia ni pana kiasi cha kuingiza kitabu, jarida, picha au filamu yoyote inayoonyesha tendo la ngono kwa nia ya kuamsha ashiki. Ukifuata maneno hayo jinsi yalivyo, mume na mke waliojirekodi chumbani mwao kwa hiari yao, na video yao haijawahi kutoka kwenye simu, wanakabiliwa na miaka 25. Mwizi wa kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu hukabiliwa na mitatu.

Nitaambiwa kwamba mswada umeweka neno "kwa kujua", na kwamba neno hilo linamlinda asiye na hatia. Naomba niwapeleke waheshimiwa dukani kwangu. Mteja huja kujaza fomu ya KRA, mamlaka ya ushuru, au ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, akafungua WhatsApp yake kwenye mashine ili apakue barua ya chifu, na pamoja na barua hiyo zikashuka picha nyingine ambazo wala hakuziangalia. Mwingine huleta flashi aliyoazimwa na rafiki, akanakili kila kilichomo. Kila jioni, kabla sijafunga, mimi hupitia folda za vitu vilivyopakuliwa na kufuta, na nakiri kwamba mara nyingi nakutana na mambo ambayo singependa kuyaona. Kwa hivyo najua. Najua tangu nilipoanza kazi hii kwamba katika mashine zangu, saa yoyote ya mchana, huenda kuna picha za namna hiyo. Je, nikivamiwa saa tisa alasiri, kabla sijafuta, nitamweleza hakimu kwamba sikujua? Na nikisema kweli, kwamba nilijua na nilikuwa nangoja jioni, nitakuwa nimejishtaki mwenyewe.

Aliye na simu tu hana nafuu. Katika makundi ya WhatsApp, yakiwemo ya harambee na ya matanga, picha hujipakua zenyewe na kuhifadhiwa pamoja na picha za watoto wako, usipobadilisha mpangilio wa simu. Na ni wangapi wanaojua mpangilio huo uko wapi? Mama mmoja mteja wangu, wa umri wa kuitwa shosho, yaani nyanya, aliniletea simu akilalamika kwamba imejaa. Nilipoifungua, aliona aibu kuliko mimi. Picha chafu zilizoijaza zilikuwa zimetoka kwa mpwa wake katika kundi la ukoo.

Kosa la kuwa na kitu haliwezi kugunduliwa bila kupekuliwa. Hili ndilo linalonisumbua kuliko idadi ya miaka. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Tunaoishi Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, tunajua jinsi kijana anavyosimamishwa usiku na kuulizwa kitambulisho, na jinsi mazungumzo hayo humalizika kwa kitu kidogo, yaani hongo. Leo kijana huyo akiwa na kitambulisho ana la kujibu. Mpe askari sababu ya kusema "fungua simu tuone", na hakuna kijana Nairobi atakayekuwa na la kujibu.

Sheria zetu za zamani zilikuwa makini zaidi. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho ni urithi wa mkoloni na hakina sifa ya upole, kinamwadhibu mwenye picha chafu pale tu anapokuwa nazo kwa ajili ya biashara, kuzisambaza au kuzionyesha hadharani. Aliyeandika kifungu kile alielewa kwamba madhara huanza kitu kinapotoka mkononi mwa mtu kwenda kwa wengine.

Wanaotaka kuiga nchi za nje wangeitazama Uingereza kwa makini. Mwaka 2005 serikali ya huko iliomba maoni kuhusu kufanya kosa kuwa na picha za ngono zilizokithiri, na sheria yenyewe, ya 2008, ilianza kutumika Januari 2009. Waingereza walijaribu kuibana: walitaja matendo ya kuhatarisha uhai, ya kuumiza vibaya viungo fulani vya mwili, ya ngono na wanyama na ya ngono na maiti, wakaweka kifungo kisichozidi miaka mitatu, na wakampa utetezi aliyetumiwa picha bila kuomba asipokaa nayo kupita kiasi. Hata hivyo, kabla mwaka huo wa kwanza haujaisha, mtu mmoja wa Wrexham, huko Wales, alikuwa ameshtakiwa kwa kipande cha video kilichodaiwa kumwonyesha mwanamke na simbamarara. Alikuwa ametumiwa na marafiki kama mzaha. Shtaka liliondolewa baada ya upande wa mashtaka kusikiliza sauti ya video hiyo, ambapo simbamarara mwenyewe anaongea, kwa kuwa hakuwa mnyama halisi. Ikiwa sheria iliyobanwa hivyo ilimfikisha mtu kortini kwa sababu ya mnyama asiye halisi, yetu isiyobanwa popote itatufikisha wapi?

Karibu na kwetu pia kuna mafunzo. Mwaka 1996 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta kipengele cha sheria ya 1967 kilichoharamisha kuwa na picha chafu, kwa kuwa kiliingilia faragha ya watu kwa upana usiokubalika. Nchini Uganda, sheria ya kupinga ponografia ilipotiwa saini mwaka 2014, wanawake walishambuliwa barabarani na kuvuliwa nguo na watu waliojidai kuitekeleza, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya huko ilibatilisha vipengele vyake vikuu.

Kuna watu wanaoumizwa kweli na picha za ngono nchini, nao ni wanawake, wengi wao wasichana wa vyuo, ambao picha zao za siri huvujishwa na wapenzi waliowaacha. Kifungu cha 37 cha sheria ya 2018 kinamhusu mvujishaji huyo, na adhabu yake ya juu ni shilingi 200,000 au miaka miwili. Msichana aliyehifadhi picha alizotishiwa nazo, ili awe na ushahidi atakapokwenda kituoni, chini ya mswada huu atakuwa amebeba kosa la miaka 25 mfukoni, na nani atamshauri aende?

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge litushirikishe katika kutunga sheria. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7, ilhali mswada umechapishwa kwa Kiingereza cha mawakili, na wateja wangu wengi wanaujua kwa jina tu, kwamba ni "ule wa kupinga ponografia". Ukiulizwa hivyo, nani atakataa?

Nimemwandikia Karani wa Bunge la Taifa nikiomba kamati iondoe kuwa na picha na kupakua kwa matumizi binafsi pale ambapo wahusika ni watu wazima, iache kifungu cha watoto kama kilivyo, na nguvu iliyobaki iiweke kwenye kifungu cha 37. Hati hiyo nimeiandika kwa Kiswahili. Anayetaka kuisoma na kuongeza sahihi yake anaweza kupita dukani kabla ya saa mbili usiku, na kuichapisha sitamtoza.

Mwenye saiba,
Umoja, Nairobi