Kiswahili kisisingiziwe makosa ya vitenzi vya Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu hoja inayorudiwa mara kwa mara, kwamba wanafunzi wetu wa sekondari huandika "my parents wants to see the headmaster", badala ya "want", kwa sababu wanafikiri kwa Kiswahili. Nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi na kosa hilo ninalifahamu. Ninachokipinga ni chanzo kinachotajwa. Mwanafunzi ambaye kweli angefikiri kwa Kiswahili wakati wa kuunda sentensi hiyo angekuwa na nafasi kubwa ya kuipatia, kwa kuwa "wazazi wangu wanataka kumwona mkuu wa shule" imejengwa kwa mpango uleule unaotakiwa na Kiingereza: kitenzi cha kwanza hubeba alama ya kiima na ya wakati, na cha pili husimama katika umbo la kitenzi-jina, bila kuonyesha nafsi ya mtendaji wala wakati.

Chanzo ninachokiona mimi ni herufi "s" na namna tunavyoitambulisha. Mtoto anayeanza Kiingereza hufundishwa mapema kwamba kitabu kimoja ni "book" na vingi ni "books", kisha huimba orodha ya majina ya namna hiyo hadi "s" ikajikita kichwani mwake kuwa alama ya wingi. Baadaye anapokutana na "parents" kama kiima, anaona ni jambo la haki kitenzi nacho kipewe "s" yake. Wapo watakaosema kwamba hapo Kiswahili kina mkono, maana tumezoea vitabu vikipotea na viti vikivunjika, kiambishi kikirandana na kiambishi. Nakubali kwa kiasi. Hata hivyo dawa yake iko katika Kiswahili hichohicho, kwa sababu mwanafunzi anajua tangu utotoni kwamba "anataka" ni ya mmoja na "wanataka" ni ya wengi. Akiambiwa kwamba "s" ya kitenzi hufanya kazi ya "a-" na haihusiani kabisa na "s" ya "books", jambo linalosumbua hadi kidato cha nne linaweza kumkaa sawa katika kipindi kimoja.

Wanaopenda kujua kwa nini lugha hiyo ilifikia hapo watapata jibu katika historia yake. Katika Kiingereza cha kale kitenzi-jina kiliishia kwa "-an", na katika karne za kati mwisho huo ukalainika kuwa "-en". Katika lahaja za eneo la kati la Uingereza, na katika Kiingereza cha London cha wakati wa mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, kitenzi cha wakati uliopo chenye kiima cha wingi nacho kiliishia kwa "-en", hivyo "singen" iliweza kuwa "kuimba" na pia "wanaimba", kutegemea ilipokaa. Mwisho huo ulipodondoka, maumbo yote mawili yalibaki mashina matupu yanayofanana, na ndiyo maana leo kitenzi kilichomo katika "they want" hakitofautiani hata kwa herufi moja na kile cha "to want". Kitenzi cha "kuwa" peke yake ndicho kilichobaki na ukaidi wake, "they are" upande mmoja na "to be" upande mwingine. Umoja ulibaki na alama: Biblia ya King James ya mwaka 1611 bado inatumia "-eth", na "-s" iliyotoka katika lahaja za kaskazini ndiyo iliyoshinda hatimaye. Tena katika lahaja hizohizo za kaskazini mwa Uingereza na za Uskoti, kwa karne nyingi watu wamesema "they sing" lakini "the birds sings", yaani wingi wa jina ukichukua "s" na wingi wa kiwakilishi ukiikataa. Kosa tunalomchapia mtoto wa Korogwe lina ukoo wake Uingereza, ingawa simshauri yeyote alijaribu kwenye mtihani wa taifa.

Kwa hiyo mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba kiima kikiwa cha wingi kitenzi hubaki katika umbo linalofuata "to", amempa kanuni moja badala ya mbili. Katika "the leaders hope to return" na "the farmers refuse to sell", vitenzi vyote viwili ni vitupu, cha kwanza kwa sababu kiima ni cha wingi na cha pili kwa sababu ni kitenzi-jina. Ikija "the farmer refuses to sell", cha kwanza pekee ndicho kinachobadilika. Wakati nao huonyeshwa hukohuko mwanzoni: hakuna mzungumzaji wa Kiswahili asemaye "walitaka kulikwenda", na kwa sababu hiyohiyo hapaswi kuandika "they wanted to went". Sijapata kuona kitabu cha darasani kinachomkumbusha mwanafunzi kwamba sheria hii anayo tayari mdomoni mwake.

Msaada wa Kiswahili hauishii hapo. Sentensi kama "the parents of the student wants to complain" huwaponyoka hata watu wazima wanaoandika barua za ofisini, kwa sababu jicho linashika "student" lililo karibu na kitenzi na kuwasahau "parents" walio mbali. Mtu huyohuyo hawezi kusema "wazazi wa mwanafunzi anataka kulalamika". Sikio lake lingemzuia. Vivyo hivyo "kila mtu anataka kushinda" na "mmoja wa wanafunzi anataka kuondoka" ni za umoja kwetu kama zilivyo kwao, na "watu wanataka kujua" ni ya wingi ijapokuwa "people" halina "s" ya kumtahadharisha mwanafunzi. Yako majina ambayo njia hii haiyafikii, mfano "news", ambalo kwao ni la umoja wakati sisi tunasema habari zimefika. Hayo yakaririwe tu.

Mahali ambapo Kiswahili hutupotosha kweli ni kwingine, na pamepuuzwa. Kwanza, kiambishi "ku-" humfanya mwanafunzi aandike "they can to read", kwa kuwa "wanaweza kusoma" inaonekana haina tofauti na "wanataka kusoma". Inabidi afundishwe kwamba "can", "must" na "should" havipokei "to", na kwamba havibadiliki, kiima kiwe cha umoja au cha wingi. Pili, na hili ndilo gumu zaidi, tunasema "wazazi wanataka asome", tukiiweka nafsi ndani ya kitenzi cha pili, ilhali Kiingereza huitoa nje na kukiacha kitenzi kitupu: "the parents want him to read". Mwanafunzi anayeisikia ile "a-" ya "asome" hushawishika kuandika "want him to reads", na mwalimu asiyejua kosa limetoka wapi humrudishia daftari likiwa na alama nyekundu isiyomweleza kitu. Kitenzi "make" kinazidi kuwachanganya, maana "teachers make us read" haina "to", lakini kauli ikiwa ya kutendwa "to" inarudi: "we are made to read".

Tatu, "kusoma" kwetu ni kitenzi na ni jina kwa wakati mmoja, lenye ngeli yake na vivumishi vyake. Tunasema kusoma kwetu, kuimba kuzuri. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kati ya "to read" na "reading", na kila kitenzi kinachotangulia kina chaguo lake. "They want" hutaka "to read", "they enjoy" hutaka "reading", na "they like" hupokea vyote viwili. Kubwa zaidi ni "stop". Sentensi "the drivers stop to smoke" ina maana kwamba madereva husimama ili wavute sigara. "The drivers stop smoking" ina maana kwamba wanaacha kuvuta. Kanuni ya wingi imefuatwa katika zote mbili, na bado mwandishi anaweza kuwa amesema kinyume cha alichokusudia. Hilo kwangu ni zito kuliko "s" iliyozidi, ambayo angalau haimpotezi msomaji.

Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na mjadala wa mpango huo siuingilii katika barua hii. Ninachosema ni kwamba hata ndani ya mpango uliopo, mwalimu wa Kiingereza anayeandika ubaoni "wazazi wanataka asome" na chini yake "the parents want him to read", kisha akawauliza wanafunzi nafsi imehamia wapi, anafundisha Kiingereza, na mkuu wa shule au mkaguzi anayepita dirishani asimhesabu kuwa amevunja agizo la lugha ya kufundishia. Ninyi pia, katika kurasa zenu za elimu, mnaweza kuchapisha mazoezi ya namna hiyo, sentensi za lugha mbili zikipangwa sambamba, badala ya orodha za vitenzi visivyo na viima. Nafasi ikiwa finyu, anzeni na "want", "make" na "stop".

Mwalimu mstaafu wa sekondari,
Korogwe, Tanga.