Kipandauso na mazoea ya vidonge

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee hiki kipandauso. Wengi kinawapiga mara mbili tatu kwa mwezi basi, ila mtu kwa kuogopa anaanza kumeza vidonge vya maumivu kujihami hata kabla hakijauma, na hapo ndo shida inapoanzia, maana dawa za maumivu zikizidi zenyewe zinaleta maumivu ya kichwa. Parasetamo, aspirini au ibuprofeni ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, uko pabaya, na zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini ni siku 10 tu. Mtu anaamka kichwa kizito, anapapasa kidonge kabla hata hajapiga mswaki!

Mi naona bora uwe na kidaftari, andika siku kilipouma na ulichomeza, mpelekee daktari, kuna dawa za kuzuia kama propranolo, hizo si sawa na vidonge vya maumivu (mwenye pumu amwambie daktari mapema, propranolo inaweza kumbana kifua). Kulala na kula saa zilezile nako kunasaidia. Na wauza dawa jamani, si mumuulize mteja hiki ni kidonge cha ngapi wiki hii?