Neno Lile Likitamkwa Darasani

Mwalimu mwenzangu,

Habari za siku nyingi? Barua yako niliisoma jana usiku, nikairudia leo asubuhi. Unauliza kama shule izifungie riwaya za zamani zenye matusi ya ubaguzi. Umenirudisha mbali.

Nilipokuwa nasoma ughaibuni, darasani tulikuwa weusi wawili tu. Tulisoma Huckleberry Finn, riwaya ya Mmarekani Mark Twain kuhusu mvulana Huck na mtumwa mtoro Jim, kwa sauti, kwa zamu, aya kwa aya. Zamu ikamfikia mwenzangu, na aya yake ndiyo iliyobeba tusi la kuwadhalilisha watu weusi. Akasita. Mwalimu akasema, "Endelea." Akaendelea kwa sauti ya chini, kidole kimelikandamiza neno lile kana kwamba litafutika. Wengine wote walikuwa wanamtazama yeye, kisha mimi.

Hata hivyo, kukifungia kitabu sikubali. Kitabu hichohicho cha Mark Twain kilipigwa marufuku na maktaba ya umma ya Concord, Massachusetts, mwaka 1885, na wala si kwa ubaguzi: ati lugha yake ilikuwa ya kihuni. Tusi lenyewe halikuwakera mabwana wale. Ufunguo wa kabati unaoushika wewe leo kwa nia njema, kesho utashikwa na mwingine.

Dawa ya kulibadilisha neno nayo naiona chungu zaidi. Mwaka 2011 profesa Alan Gribben alitoa toleo lililoweka "mtumwa" mahali pa tusi, zaidi ya mara 200. Alitaka kitabu kirudi madarasani, simlaumu kwa hilo. Lakini baba yake Huck, mlevi asiyejua hata kusoma, anamporomoshea matusi profesa mweusi kutoka Ohio, mtu huru, msomi wa lugha chungu nzima, anayepiga kura kwao. Huyo naye tumwite mtumwa? Uchungu wa ukurasa ule uko hapohapo: uhuru na elimu havikumwokoa na neno lile.

Walionikuna ni wa Duluth, Minnesota. Mwaka 2018 wilaya yao ya shule iliitoa riwaya hii, pamoja na To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, nayo ina tusi hilo, kwenye orodha ya vitabu vya lazima, ila maktabani vikabaki. Kuna waliopiga kelele kuwa ni marufuku. Marufuku gani, na kitabu kipo rafuni?

Na wanafunzi wakubwa wafundishwe kwa mabishano. Chinua Achebe aliposimama Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1975 akamshitaki mwandishi Joseph Conrad kwa ubaguzi wa riwaya yake ya Heart of Darkness, hoja zake alizichota ndani ya kitabu chenyewe. Asiyekisoma ataifuataje kesi hiyo? Vivyo hivyo Huckleberry Finn ningeisomesha sambamba na James ya Percival Everett (2024), ambamo Jim anasimulia mwenyewe.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao, pigania jambo moja kwanza: neno lile asilazimishwe mtoto yeyote kulitamka. Wanafunzi waelezwe kabla ya kitabu kufunguliwa, na aya kama zile wazisome kimyakimya. Mengine mtajadili.

Mwenzangu yule sikumuuliza kitu siku ile. Kengele ililia, tukatoka pamoja, tukazungumzia mtihani wa hesabu.

Niandikie wakishaamua.

Wako,
Mwalimu mwenzako