YAH: MALALAMIKO KUHUSU PIKAPU MLIYONIUZIA IKIWA NA CHASISI ILIYOOZA

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu,

Salamu. Natumaini safari hii barua itafika mezani kwako na haitaishia kwenye lile trei la mapokezi zilikoishia zile za awali.

Ninaandika kuhusu pikapu nyeupe ya dizeli, kebini mbili, niliyonunua kwenu. Namba zake mnazo, mkataba mnao, na ile ahadi ya ukaguzi iliyobandikwa ukutani mwa ofisi yenu mliiandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea. Naenda moja kwa moja kwenye chasisi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima.

Chasisi imeoza. Sisemi ina kutu. Kutu kila gari la umri ule linayo. Imeoza, upande wa kulia, juu ya ekseli ya nyuma, pale pale springi inapofungiwa. Bisibisi imepita. Na imepita ndani ya gereji yenu, mkononi mwa fundi wenu, macho ya meneja wenu wa tawi yakiona. Kilichofuata hapo kinaniuma kuliko hata hilo shimo.

Gari lilikuwa juu ya lifti. Fundi, kijana mwenye adabu zake, alikuwa anatafuta ule mlio wa nyuma niliokuwa nimeulalamikia, unaotokea kila nikipita tuta nikiwa na mzigo. Akawa anagonga chasisi kwa mpini wa bisibisi, akianzia mbele. Mbele ikalia sawasawa, mlio wa chuma. Alipofika nyuma mlio ukafa, kama anagonga boksi la karatasi lililonyeshewa. Akageuza bisibisi, akaisukuma kwa ncha, wala hakutia nguvu, ikazama. Vipande vya kutu vikadondoka sakafuni, vyembamba, vyekundu, upande mmoja vimeganda lami nyeusi. Meneja wa tawi akaja, akatazama juu, akatazama chini, akamwambia fundi: "Shusha gari. Usiwaonyeshe wateja vitu wasivyovijua." Kisha akanigeukia: "Mama, ulitaka gari kuukuu, umepewa gari kuukuu. Ulitegemea nini?" Akavisukuma vile vipande kwa kiatu chake mpaka kwenye mfereji.

Nitakuambia nilitegemea nini, kwa kuwa yeye hakusubiri jibu.

Gari kuukuu nililitafuta kwa makusudi. Pikapu za kizazi kile zinatafutwa na watu wanaojua wanachokitaka: dizeli isiyo na mambo mengi, gia za mkono, chasisi ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vya kukingama, na bodi iliyokaa juu yake kwa boliti na raba. Kila kitu kinafunguka kwa spana. Klachi ikiisha unaweka klachi. Msalaba wa propela ukilegea unatoa, unaweka mwingine. Pampu ya maji, rejeta, bushi za springi, noseli, hata silinda hedi ikipinda inapelekwa kusawazishwa na maisha yanaendelea. Gari la namna hiyo likipewa oili na filta kwa wakati, kufikisha kilomita laki tatu au zaidi si jambo la kumshangaza mtu. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao hupita magari mapya yanayong'aa wakaenda kununua la zamani. Lakini yote hayo yanashikiliwa na kitu kimoja. Injini imefungwa kwenye chasisi, gia boksi imefungwa kwenye chasisi, springi zimefungwa humo, stelingi imefungwa humo, bomba za breki zinapita humo. Chasisi ikienda, mnakuwa mmeniuzia injini nzuri isiyo na pa kukaa.

Sasa kwenye karatasi ya kazi mnaniandikia "uchakavu wa kawaida". Raba ya pedali ya breki kuisha ni uchakavu wa kawaida. Waipa, bushi, kiti cha dereva kuchanika pembeni, sawa, hata nisingefungua mdomo. Tangu lini chasisi kutoboka ikawekwa fungu moja na waipa? Mwaka 2008, huko Marekani, Toyota iliongeza dhamana ya kutu ya chasisi kwa pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000 ikafika miaka 15, na zile zilizoharibika vibaya ikazinunua tena kutoka kwa wenyewe. Gari la 1995 mwaka huo lilikuwa na miaka 13. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ikakubali kumaliza kesi ya pamoja ya wamiliki kuhusu chasisi za kutu, makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Pikapu yangu si ya kwao na sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba hata aliyetengeneza gari alifungua mkoba kwa ajili ya chasisi za magari yaliyokwisha kutumika miaka na miaka. Nyie hata pole mmeshindwa.

Na hapa ndipo penye tatizo lenyewe, ndugu Meneja. Kuoza kulikuwako kabla sijafika kwenu, na kuna mtu alikujua. Ile lami ya chini ilikuwa mbichi. Ilipakwa kila mahali, mpaka juu ya boliti, mpaka juu ya bomba za breki, mpaka kwenye raba za springi ambazo hakuna fundi mwenye nia njema angezipaka lami. Mnajua kuliko mimi kwamba chasisi ya boksi, yenye uwazi ndani, huanza kuliwa kwa ndani, tope linaingia kwenye yale matundu, linakaa na maji, na kama gari limewahi kupita kwenye chumvi ndiyo basi tena. Mnajua pia kwamba ukipaka lami juu ya kutu hujaizuia, umeifungia unyevu ndani. Kwa nje gari linapendeza miezi michache. Muda wa kutosha kuliuza.

Kisha mtu akachukua fomu ya ukaguzi, akafika kwenye mstari wa chasisi, akaweka tiki kwenye "Nzuri", akatia saini. Wino wa bluu. Ninayo hapa.

Kwenye fomu hiyo hiyo matairi yameandikwa "mapya". Kila tairi lina namba nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. 3409 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2009. Waambieni wakaguzi wenu wajifunze kuzisoma, maana mteja anazisoma. Mkanda wa taimingi nao tuliambiwa umebadilishwa, ila kibandiko cha kilomita hakipo na risiti haipo. Hilo nimelimaliza kwa fedha yangu, sikungoja ukatike valvu zikagongane na pistoni ndipo nije kubishana nanyi. Sililalamikii. Nalitaja mjue sikuja kwenu kutafuta ugomvi.

Siku ya kununua, kijana wenu wa mauzo alipiga boneti kwa kiganja akasema, "Hili, mama, watalirithi wajukuu." Nilimwomba tulipandishe kwenye lifti nilione chini. Akasema lifti ina hitilafu, lakini fomu ya ukaguzi iko kamili, na kampuni haiwezi kutia saini uongo. Lifti ile ile ndiyo iliyolibeba gari langu siku ya aibu ile.

Na siku ile sikuisimulia yote, nilijizuia. Nimeona nisijizuie.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Hajui kuendesha, hata leseni hana, alinisindikiza tu. Tangu tunaingia, meneja wenu alikuwa anazungumza naye yeye. Mimi nauliza, anajibiwa yeye. Mimi ndiye niliyesaini mkataba, mimi ndiye niliyelipa, na mtu anamweleza difu, zile gia za katikati ya ekseli, mtoto asiyejua difu iko wapi! Bisibisi ilipozama, ilizama karibu mpaka kwenye mpini. Kijana wa watu alishtuka, akasema, "Samahani, mama," kwa sauti ndogo, akaandika kwenye karatasi yake ya kazi: chasisi imetoboka, gari lisitembee. Meneja akaichukua ile karatasi, akaisoma, akamrudishia: "Andika uchakavu wa kawaida." Kijana akanitazama. Akafuta, akaandika. Ndipo likaja lile la kutowaonyesha wateja vitu wasivyovijua, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la wateja, na vijana wawili wa mauzo wakacheka. "Ulitegemea nini?" Wakacheka tena. Halafu kile kiatu. Kiatu cheusi, kimepigwa rangi, kinasukuma vipande vya chasisi yangu mfereji unapoanzia, taratibu, mtu anafanya huku anatazama saa yake. Ushahidi wangu, ndugu Meneja, ulikuwa unafagiliwa kwa mguu mbele yangu, na nilikuwa nimesimama pale pale.

Ila hakufagia vyote. Kipande kimoja mdogo wangu alishakiokota, kumbe naye ana akili kuliko nilivyomdhania. Lami upande huu, kutu upande huu, chembamba hivi kwamba ukikibana kati ya vidole kinavunjika. Na ile karatasi ya kazi nilishaipiga picha kabla haijafutwa. Maneno "gari lisitembee" yanasomeka vizuri kabisa. Maana yake mlijua gari si salama, mkalishusha kwenye lifti, mkanipa ufunguo, mkaniacha nilitoe getini nikiwa na mtu ndani. Mnajua kinachotokea kwenye pikapu yenye mzigo pale mshikio wa springi unapong'oka barabarani? Ekseli inarudi nyuma upande mmoja, gari linavuta lenyewe linakotaka. Nilijua tangu bisibisi ilipozama, ndiyo maana sikufika mbali. Nilisimama nje ya geti lenu, nikaita gari la kuvuta. Mlinzi wenu akaja kuniambia nazuia njia ya wateja.

Kwenye barua ya kwanza niliomba chasisi ibadilishwe, basi. Nilikuwa nimepoa. Kwenye iliyofuata niliomba chasisi, gharama za kuvuta gari, na maelezo. Hamkujibu hiyo. Mlichonitumia ni ujumbe mfupi wa simu kunitakia heri na kunikumbusha huduma ya oili. Kwa hiyo sasa siombi.

Nataka fedha yangu yote irudi, ya gari na ya uhamisho wa kadi. Nataka gharama za kuvuta, na za fundi wa nje aliyelikagua baadaye, ambaye maandishi yake nimeambatisha. Chasisi ya kuchomelea kiraka siitaki, msije mkajaribu kunipa hiyo. Sehemu ya kufungia springi haiwekwi kiraka juu ya chuma kilichooza, na fundi wenu mwenyewe atawaambia mkimruhusu kusema. Nataka pia meneja wa tawi aniandikie kwa mkono wake kueleza kwa nini aliamuru karatasi ya kazi ifutwe. Kwa mkono wake, isiwe barua ya idara. Na yule fundi kijana asiguswe. Nikisikia amefukuzwa kazi, hiyo nayo nitaiongeza kwenye mashtaka.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii.

Nimesoma tena niliyoandika hapo juu, nimeona 14 ni nyingi mno kwa watu waliokwisha kukaa kimya kiasi hiki. Ziwe 7. Zikipita, faili lote linakwenda kwa wakili wangu na kwa mamlaka ya kulinda watumiaji, pamoja na picha, fomu yenye tiki ya bluu na kile kipande. Na halitakwenda na gari langu peke yake. Ile pikapu ya bluu mliyoiegesha uwanjani karibu na geti, yenye bango la "Imekaguliwa", nimelala chini yake nikaitazama nikiwa nasubiri kuvutwa. Lami mbichi, mpaka kwenye raba za springi. Picha ninazo. Mkiiuza kwa mtu kabla ya kuikagua upya, mtamkuta huyo mtu ameketi nami benchi moja mahakamani, nitamtafuta mwenyewe.

Msinipigie simu. Jibuni kwa maandishi.

Wenu,

Mmiliki wa pikapu nyeupe, kebini mbili (saini)

Viambatisho: nakala ya fomu ya ukaguzi, picha ya karatasi ya kazi kabla ya kufutwa, ripoti ya fundi wa nje, picha za sehemu ya chini ya magari yote mawili. Kipande cha chasisi nabaki nacho mwenyewe, kwa sababu mnazozijua.

Nakala: Wakili wangu; Meneja wa Tawi, aisome akiwa amekaa.